NANI ACHAGUE WAZIRI?

Katika nchi yo yote yenye Katiba kuna swali moja ambalo kwa sura ni dogo, na kwa matokeo ni kubwa mno: ni nani achague waziri? Katiba nyingi hulijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba Rais, au Waziri Mkuu, ndiye mwenye mamlaka ya kumchagua. Mwananchi akiusoma mstari huo huupita upesi, akidhani kwamba neno limekwisha. Lakini mambo yaliyotokea Afrika ya Kusini kati ya mwaka 2009 na mwaka 2018 yametufundisha kwamba mstari huo waweza kubaki mahali pake, isiguswe hata herufi moja, na huku jibu lake la kweli limekwisha kuhama: limetoka Ikulu na kwenda kukaa sebuleni kwa tajiri.

Habari hizi hatuzielezi kwa kusimanga. Wapigania uhuru wa nchi ile waliishi kwetu. Chama cha African National Congress kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, wakati ambapo kwao kilikuwa kimepigwa marufuku. Na huko Mazimbu, karibu na mji huo huo, kilijenga shule iliyopewa jina la kijana Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Majengo yale yalikabidhiwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Watu waliotoa ardhi yao, wakapokea wageni na kugawana nao kidogo walichokuwa nacho, wana haki ya kuuliza matunda ya ukombozi ule yalikwenda mikononi mwa nani.

Tunalotaka kusema ni hili. Mipaka ya madaraka iliyowekwa na Katiba huweza kubomolewa bila mzinga wala risasi, na bila hata kubadili sheria moja. Yatosha mwenye mali apate sauti katika kuchagua watu wa kukaa katika viti vichache: kiti cha waziri wa fedha, cha mkuu wa shirika la umma, cha mwendesha mashtaka. Kwa hiyo mwananchi anayependa Katiba yake na autazame uteuzi kwa jicho kali kuliko anavyotazama hotuba.

KATIBA ILIYOTIWA SAHIHI SHARPEVILLE

Tarehe 10 Desemba 1996 Rais Nelson Mandela aliitia sahihi Katiba mpya ya nchi yake. Hakuitia sahihi katika jumba la fahari, bali Sharpeville, mahali ambapo polisi wa makaburu waliwaua watu 69 tarehe 21 Machi 1960. Maana yake ilieleweka na kila mtu: sheria hii imenunuliwa kwa damu, na shabaha yake ni kuzuia serikali yo yote isimtende tena raia kama ilivyowatenda watu wale.

Katiba hiyo, iliyoanza kutumika Februari 1997, inasema wazi kwamba yenyewe ndiyo sheria kuu, na tendo lo lote lililo kinyume chake ni batili. Inamwekea Rais vipindi viwili, basi. Inaweka Mahakama ya Katiba. Tena inaweka ofisi kadhaa za ulinzi, mojawapo ikiwa ni ile ya Mtetezi wa Umma, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya mwananchi juu ya Serikali, kuyachunguza, na kuamuru dhara lirekebishwe.

Mzee Mandela mwenyewe alionyesha jinsi kiongozi anavyokaa ndani ya mipaka. Mwaka 1995, chini ya Katiba ya mpito, Mahakama ya Katiba ilitangua amri alizotoa kuhusu serikali za mitaa. Akasimama hadharani akasema kwamba ameikubali hukumu. Mwaka 1998 jaji alimwamuru aje mahakamani kutoa ushahidi katika kesi iliyohusu chama cha mchezo wa raga. Akaenda, akasimama kizimbani kama raia mwingine. Baadaye Mahakama ya Katiba ilisema kwamba hakupaswa kulazimishwa kwenda. Lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda. Mwaka 1999, baada ya kipindi kimoja tu, akaaga. Huo ndio ulikuwa mwanzo mwema, na kila mwanzo mwema huhitaji mrithi wa kuuendeleza.

SEBULE YA SAXONWOLD

Mwaka 1993, wakati utawala wa makaburu ukikata roho, alifika Afrika ya Kusini mfanyabiashara mmoja kutoka mji wa Saharanpur nchini India, jina lake Atul Gupta. Ndugu zake Ajay na Rajesh wakamfuata. Walianza kwa biashara ya kompyuta, wakaingia katika migodi, mwaka 2010 wakaanzisha gazeti, na mwaka 2013 wakafungua kituo cha televisheni. Makao yao yalikuwa jumba kubwa katika mtaa wa Saxonwold, Johannesburg. Mtoto wa Bwana Jacob Zuma, aitwaye Duduzane, akawa mbia wao. Na Bwana Zuma akawa Rais wa nchi mwezi Mei 2009.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alipona kabla ya mwenyeji.

Bwana Themba Maseko, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya Serikali, alitoa ushahidi kwamba mwaka 2010 aliitwa na Bwana Ajay Gupta, akatakiwa aelekeze fedha za matangazo ya Serikali, kiasi cha randi milioni 600 kwa mwaka, kwenye gazeti la ukoo huo. Alisema kwamba hata Rais alimpigia simu na kumwomba awasaidie jamaa wale. Bwana Maseko akakataa. Haukupita muda mrefu akaondolewa katika kazi yake.

Tarehe 30 Aprili 2013 ndege kubwa iliyojaa wageni zaidi ya 200, waliotoka India kwenda harusini kwa akina Gupta, ilitua katika uwanja wa jeshi wa Waterkloof, mahali panapotumiwa na marais na wageni wa taifa. Nchi nzima ikashangaa. Ni nani aliyewafungulia lango la jeshi watu waliokuwa wakienda kula pilau ya harusi? Maofisa wa chini wakaadhibiwa, wakubwa wakanyamaza.

Kisha likaja jambo la Hazina. Naibu Waziri wa Fedha, Bwana Mcebisi Jonas, alitangaza mwezi Machi 2016 kwamba katika Oktoba 2015 alipelekwa nyumbani kwa akina Gupta, akaahidiwa kiti cha Waziri wa Fedha, na baadaye alieleza kwamba aliahidiwa pia randi milioni 600 endapo angekubali kutumika kwa faida yao. Alikataa, akatoka. Tarehe 9 Desemba 2015, usiku, Rais Zuma akamwachisha kazi Waziri wa Fedha, Bwana Nhlanhla Nene, na kumweka mbunge mmoja ambaye wengi hawakupata kumsikia, Bwana Des van Rooyen. Taarifa ya Mtetezi wa Umma ilieleza kwamba simu ya Bwana van Rooyen ilionekana kuwa katika mtaa ule wa Saxonwold siku moja kabla ya kuteuliwa. Thamani ya randi ikaanguka, wenye mabenki na wakuu wa chama wakamjia juu Rais, na baada ya siku nne akalazimika kumrudisha Bwana Pravin Gordhan, aliyepata kuishika Hazina zamani. Bwana Gordhan naye aliachishwa mwishoni mwa Machi 2017.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba Bwana Zuma na akina Gupta wamezikana tuhuma hizo zote. Yafaa pia tuseme kwamba Bwana Nene mwenyewe, baada ya kueleza mbele ya tume mwaka 2018 kwamba alifukuzwa kwa kukataa kutia sahihi dhamana ya mpango mkubwa wa nguvu za nyuklia pamoja na Urusi, alijiuzulu mwaka huo huo kwa kuwa alikuwa ameficha ziara zake katika jumba lile. Njia ya Saxonwold ilikanyagwa na wengi.

FAIDA YA KUWA NA WAZIRI WAKO

Mtu aweza kuuliza: tajiri ana haja gani ya kumchagua waziri, na hali mali anayo tayari? Jibu ni rahisi. Waziri ndiye anayeteua bodi ya shirika la umma. Bodi ndiyo inayomweka mkurugenzi. Mkurugenzi ndiye anayetia sahihi mkataba. Ukimshika wa juu, wa chini wote hufuata kama mabehewa.

Na mabehewa ndiyo mfano wenyewe. Shirika la reli na bandari, Transnet, liliazimia kununua vichwa vya treni 1,064. Bei iliyokisiwa ilikuwa randi bilioni 38.6. Mikataba ilipotiwa sahihi mwaka 2014 bei ilikuwa imepanda kufikia randi bilioni 54.5, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba fedha nyingi ziligeuka njiani na kuingia katika makampuni yenye uhusiano na akina Gupta. Shirika la umeme, Eskom, mwezi Aprili 2016 liliilipa kampuni yao ya makaa ya mawe randi milioni 659 kabla ya kupokea makaa, siku zile zile ambapo kampuni hiyo ilikuwa ikihangaika kutafuta fedha za kununulia mgodi. Kwa maneno mengine, umma ulimkopesha mnunuzi fedha za kuununua mgodi ambao ungekuja kuuuzia umma huo huo makaa.

Huko Vrede, katika jimbo la Free State, palianzishwa shamba la ng'ombe wa maziwa kwa jina la wakulima weusi wadogo, ili nao wapate kuinuka. Fedha za Serikali zilitoka. Wakulima hawakupata ng'ombe wala maziwa. Waandishi wa habari, na baadaye tume ya uchunguzi, walifuata nyayo za fedha hizo, wakakuta kwamba sehemu yake iligharimia ile harusi ambayo wageni wake walitua katika uwanja wa jeshi. Tunawaomba wasomaji walifikirie jambo hilo polepole. Maskini alitajwa katika maombi ya fedha, na tajiri akala karamu.

Lakini mwizi mwenye akili haridhiki na kuiba; hutaka pia kumweka askari wake mlangoni. Mkurugenzi Mkuu wa Mashtaka, Bwana Mxolisi Nxasana, alilipwa randi milioni 17.3 mwaka 2015 ili aondoke katika kiti chake kabla ya wakati, na mahali pake akawekwa mwingine. Penye udhia, penyeza rupia. Mwezi Agosti 2018 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba malipo yale yalikuwa kinyume cha Katiba, uteuzi wa mrithi wake ukatanguliwa, na Bwana Nxasana akaamriwa kurudisha zaidi ya randi milioni 10. Ilikuwa ni haki, ila ilikuwa haki iliyochelewa miaka mitatu, na katika miaka mitatu mambo mengi huweza kusafirishwa nje ya nchi.

WALIOSEMA HAPANA

Sasa tuutazame upande wa pili. Katiba ile haikuanguka. Ni kitu gani kilichoizuia isianguke?

Mwezi Machi 2014 Mtetezi wa Umma, Bibi Thuli Madonsela, alitoa taarifa kuhusu makazi ya Bwana Zuma huko Nkandla. Kwa kisingizio cha ulinzi, fedha za umma zilizokadiriwa kufika randi milioni 246 zilitumika, na kati ya mambo yaliyojengwa palikuwa na bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wageni na uwanja wa maonyesho. Akaamuru Rais alipe sehemu ya gharama ya vitu hivyo ambavyo havikuwa vya ulinzi. Rais hakulipa. Mwaka 2015 Waziri wa Polisi alilieleza Bunge kwamba bwawa lile ni la kuzimia moto, na Bunge, likiongozwa na wingi wa chama tawala, likakubali maneno hayo na kumfutia Rais deni.

Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu kwa kauli moja. Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng alisema kwamba Rais alishindwa kuitetea na kuiheshimu Katiba, na Bunge nalo lilikwenda kinyume cha Katiba kwa kuipuuza amri ya Mtetezi wa Umma. Alimfananisha Mtetezi huyo na Daudi wa Biblia mbele ya Goliathi. Hazina ikakadiria deni kuwa randi milioni 7.8, na mwezi Septemba mwaka huo likalipwa. Kabla ya kumaliza muda wake mwezi Oktoba 2016, Bibi Madonsela akaandika taarifa nyingine, hii ikihusu akina Gupta, akaagiza iundwe tume ya uchunguzi ambayo jaji wake asichaguliwe na Rais, bali na Jaji Mkuu. Rais akapinga mahakamani, akashindwa Desemba 2017. Ndipo ikazaliwa tume ya Naibu Jaji Mkuu Raymond Zondo, iliyoanza kusikiliza mashahidi Agosti 2018 na kumaliza kutoa taarifa zake Juni 2022.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ni wachache waliolitia maanani. Bibi Madonsela aliteuliwa na Bwana Zuma mwaka 2009. Jaji Mkuu Mogoeng aliteuliwa na Bwana Zuma mwaka 2011, na wakati ule wako waliolalamika kwamba amechaguliwa kwa kuwa ni mpole. Wote wawili walitoka katika mkono ule ule uliomtoa Bwana van Rooyen. Kwa nini wao hawakuwa watumishi wa Saxonwold?

Wema wa mtu una sehemu yake, wala hatuukanushi. Lakini tazameni njia waliyopitia. Mtetezi wa Umma hupendekezwa na Bunge kwanza, hukaa miaka saba ambayo haiongezwi, na haondolewi ila kwa theluthi mbili za kura za wabunge. Jaji Mkuu hupita mbele ya tume ya mahakama, na hawezi kufukuzwa kwa hasira ya usiku mmoja. Waziri wa Fedha huteuliwa na mtu mmoja na kuondolewa na mtu huyo huyo, bila mtu wa tatu kuulizwa. Mahali ambapo mlango una funguo nyingi katika mikono mingi, tajiri aligonga akachoka. Mahali ambapo ufunguo ni mmoja, alijua aende kwa nani.

Wala tusije tukadhani kwamba njia njema yatosha bila mtu mwema. Mrithi wa Bibi Madonsela, Bibi Busisiwe Mkhwebane, alipita njia ile ile. Alipochunguza mambo ya shamba la Vrede, Mahakama Kuu iliitangua taarifa yake mwaka 2019 kwa kuwa alishindwa kuwatendea haki wakulima waliodhulumiwa. Mwezi Septemba 2023 Bunge likamwondoa kwa kura 318. Ofisi ilikuwa moja, sheria ilikuwa moja, aliyebadilika ni mkaaji. Sheria hutengeneza kiti. Kumwangalia anayekikalia ni kazi ya wananchi, na kazi hiyo haina likizo.

HOJA YA WATETEZI WAO

Wako wanaosema: Rais alichaguliwa na mamilioni ya watu, na jaji hakuchaguliwa na mtu. Yawezekanaje wazee kumi au kumi na mmoja waliovaa majoho wamzuie mteule wa umma? Hoja hii ina utamu masikioni, hasa kwa watu wanaopenda demokrasia, na kwa sababu hiyo yafaa ijibiwe bila dharau.

Katiba ya Afrika ya Kusini haikuandikwa na majaji. Iliandikwa na wawakilishi waliochaguliwa katika uchaguzi wa kwanza wa watu wote mwaka 1994, wakaipitisha kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura zao. Jaji anayemwambia Rais kwamba amevuka mpaka hatoi amri yake mwenyewe. Anamsomea amri ya umma, iliyotolewa siku ambayo umma ulikaa kwa utulivu na kutafakari. Anayetaka kuubadili mpaka ana njia ya halali: aende bungeni, atafute wingi unaotakiwa, abadilishe Katiba mchana kweupe. Kuubomoa usiku kwa msaada wa rafiki mwenye mali hakuna uhusiano wo wote na kura za wananchi. Hakuna hata mpiga kura mmoja aliyemchagua Bwana Gupta.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba Katiba hiyo inalinda mali ya wazungu, na kwamba wanaomshambulia Rais ni mawakala wa mabepari weupe. Sisi hatutasema kwamba dhiki hiyo ni ya kubuni. Tofauti ya mali kati ya mweusi na mweupe katika nchi ile ingali kubwa ya kutisha. Ardhi bado imo katika mikono michache, na vijana wengi hawana kazi. Mtu mwenye njaa akiambiwa kwamba Katiba ni nzuri, ana haki ya kuuliza kama inaliwa.

Lakini wasomaji watazame ni nani aliyelipia wimbo huo. Kampuni ya Kiingereza ya Bell Pottinger, ya London, ndiyo iliyoajiriwa na kampuni ya akina Gupta kueneza maneno juu ya ubepari wa wazungu, ili macho ya watu yageuke upande mwingine. Ilipofichuliwa mwaka 2017 ikafukuzwa katika chama cha wenzake wa kazi hiyo nchini Uingereza, na ikafilisika. Kumbe machozi ya maskini yalikuwa yamekodishwa kwa malipo ya kila mwezi! Mtu aliyeichukia kweli dhuluma ya makaburu asingezila fedha za wakulima wa Vrede.

Hoja hiyo haikufa. Chama kipya cha Bwana Zuma, uMkhonto weSizwe, kilisimama katika uchaguzi wa Mei 2024 kikitaka Bunge liwe juu ya Katiba, na kilipata kura asilimia 14.58. Hizo ni kura za watu waliochoka kungoja. Wanaoitetea Katiba wasiwacheke watu hao. Katiba isiyomfikia mwananchi kwa maji, kazi na ardhi hujiletea maadui, na maadui hao huwa jeshi la bure la mtu wa kwanza mwenye mali na maneno matamu.

GHARAMA NA WALIOILIPA

Mwaka 2021 Bwana Zuma alikataa kwenda mbele ya tume ya Jaji Zondo, ijapokuwa Mahakama ya Katiba ilimwamuru. Tarehe 29 Juni akahukumiwa kifungo cha miezi 15 kwa kuidharau mahakama, na usiku wa tarehe 7 Julai akajisalimisha. Fujo zikazuka KwaZulu-Natal na Gauteng, maduka yakaporwa na kuchomwa, na watu zaidi ya 350 wakapoteza maisha. Mwezi Septemba yeye akaachiwa kwa sababu za afya. Ndugu wawili wa ukoo wa Gupta walikamatwa Dubai mwaka 2022, lakini mwaka uliofuata mahakama ya huko ilikataa kuwarudisha. Waliokufa hawakuwa na jumba Saxonwold wala tiketi ya ndege. Umeme wa Eskom, shirika lililokuwa limekwisha kudhoofishwa kwa wizi na uchakavu pamoja, ulikatika mwaka 2023 kuliko mwaka wo wote uliotangulia, na kinyozi wa mtaani alikaa gizani na mashine yake mkononi.

WAJIBU WA CHAMA

Tunamalizia na neno ambalo halipendezi masikio ya watu wa vyama, na ndiyo maana yafaa lisemwe katika gazeti la chama. Mlinzi wa kwanza wa mipaka ya Rais alipaswa kuwa chama chake mwenyewe. Mahakama hufika mwishoni, baada ya fedha kwenda. Chama hukaa na kiongozi tangu asubuhi. Hujua nani anayemtembelea na nani anayewaajiri wanawe. Tume ya Zondo ilisema wazi kwamba chama tawala chini ya Bwana Zuma kiliuruhusu na kuusaidia uovu huo. Tarehe 8 Agosti 2017, ushahidi ukiwa umekwisha kutapakaa nchi nzima, Bunge lilipiga kura ya siri ya kutokuwa na imani naye: 177 wakamkataa, 198 wakamlinda. Chama kilimwondoa Februari 2018, jua likiwa limekwisha kuchwa. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwaka 2024 chama kile cha wapigania uhuru, kilichopata zaidi ya asilimia 62 mwaka 1994, kiliambulia asilimia 40.18, na kwa mara ya kwanza kikapoteza wingi wake bungeni.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na watu wangali wakibishana kama ilifaa au haikufaa. Lakini swali lililoyazaa halijazeeka: mtu anayekula katika sahani ya tajiri mchana, usiku atamtumikia nani?

Kwa hiyo kila mwanachama wa chama cho chote na ajizoeze kuuliza maneno matatu wakati wa uteuzi: huyu ametoka wapi, nani alimpendekeza, na ni nani mwingine zaidi ya aliyemteua mwenye uwezo wa kumwondoa. Kiongozi mnyofu hataudhika kwa maswali hayo. Mwenye kuudhika amekwisha kujibu.

Bwana Jonas alipotoka katika jumba lile hakuwa na bunduki, wala umati wa watu nyuma yake. Alikuwa na neno moja tu, nalo ni hapana. Nchi ambayo imeweka watu wa namna hiyo katika viti vyake, na ikawawekea sheria ya kuwalinda wasifukuzwe usiku, imeijengea Katiba yake ukuta. Isiyofanya hivyo na isishangae siku itakapoamka na kukuta orodha ya mawaziri imeandikwa kwa mkono ambao hakuna mtu aliyeupigia kura.